Robert Koch: Daktari aliyekiona kijidudu cha TB, lakini hakuwatambua mapema askari wa mwili

Mtu wa Mitundu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi na kwenda kupima, hupewa kikopo cha kutemea makohozi. Mfugaji naye akimkuta ndama ana homa kali, tezi zimevimba chini ya sikio na povu linatoka puani, hahitaji kuambiwa mara mbili: hiyo ni ndigana kali. Ugonjwa wa kwanza ni wa binadamu, wa pili ni wa ng'ombe. Lakini yote mawili huumiza mapafu, na katika yote mawili chembe nyeupe za damu, wale askari wanaoulinda mwili, zina sehemu kubwa katika madhara yanayotokea.

Historia ya magonjwa haya mawili inapita kwa mtu mmoja. Ni daktari wa Kijerumani, Robert Koch, aliyefariki mwaka 1910. Dunia inamkumbuka kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, yaani TB. Wasiomjua sana hawafahamu kwamba alifika Dar es Salaam, Amani na Mwanza, na kwamba aliwahi kutoa dawa iliyowaumiza wagonjwa aliotaka kuwaponya. Makala haya yanasimulia maisha yake, na somo ambalo bado linatuhusu kila kifua kinapobana.

Mtoto wa mji wa migodi

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Ulikuwa mji wa wachimbaji wa madini, na baba yake alikuwa ofisa wa migodi. Walizaliwa watoto 13, Robert akiwa wa tatu. Inaelezwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano tu aliwashangaza wazazi wake, maana alikuwa amejifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti.

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud. Alihudumu kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870, kisha mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland.

Huko hakuwa na maabara wala maktaba. Alikuwa na hadubini na chumba nyumbani kwake, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri nje. Wafugaji wa eneo hilo walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa kimeta. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akawadunga panya kwa vijiti vya mbao, na panya wakafa kwa ugonjwa uleule. Aliviotesha vijidudu hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona jinsi vinavyogeuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi. Mwaka 1876 alionyesha kazi hiyo mbele ya wataalamu. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa wazi kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Ndiyo maana hadi leo mfugaji huambiwa asipasue mzoga wa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta.

Kijidudu cha TB chaonekana

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya serikali. Safari hii alipewa maabara na wasaidizi. Akageukia ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi kuliko karibu wote: kifua kikuu. Kwa hesabu alizozitumia yeye mwenyewe, mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa aliuawa na ugonjwa huo. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo, au wa watu dhaifu.

Shida ilikuwa kwamba kijidudu chenyewe hakionekani kirahisi. Kina ngozi yenye nta ambayo haipokei rangi za kawaida za maabara. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka akapata njia ya kukitia rangi, akaona vijiti vyembamba ndani ya mapafu ya wagonjwa. Kisha akaviotesha. Vilikua polepole mno, kwa wiki kadhaa, na mtu asiye na subira angetupa chupa zile. Alipowadunga simbilisi, wakaugua kifua kikuu.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza matokeo hayo mjini Berlin. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1883 alisafiri hadi Misri na India kutafuta chanzo cha kipindupindu, akarudi nyumbani akipokewa kama shujaa wa taifa. Tangu hapo watu waliamini kwamba Koch akisema jambo, limethibitishwa.

Mtu mwingine na askari wa mwili

Wakati huohuo kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiuliza swali tofauti. Koch aliuliza: ni nani anayeleta ugonjwa? Ilya Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, nchi ambayo leo ni Ukraine, aliuliza: mwili unajilindaje?

Metchnikoff alikuwa na sababu ya kuuliza. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu tangu walipooana, na alifariki mwaka 1873. Karibu miaka kumi baadaye, akiwa Messina, mji wa pwani nchini Italia, Metchnikoff alichoma miiba midogo ndani ya watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Miili yao inapitisha mwanga kama kioo, hivyo ndani yake panaonekana. Kesho yake aliona chembe hai zimeuzunguka mwiba zikitaka kuumeza. Alitambua kwamba chembe nyeupe za damu ya binadamu hufanya kazi hiyohiyo: huwala wavamizi.

Chembe hizi ni za aina nyingi. Paul Ehrlich, mwenzake Koch huko Berlin, alitumia rangi za maabara kuzitofautisha. Kwa makala haya inatosha kuzijua aina tatu. Kwanza kuna wakimbiaji, wanaofika mapema pale palipoumia, wakiwa wamebeba kemikali kali za kuua vijidudu. Pili kuna walaji wakubwa, wanaokaa ndani ya mapafu muda wote wakisafisha vumbi na vijidudu. Tatu kuna chembe zenye kumbukumbu, zinazomjua adui aliyewahi kuja na kuita wenzake anaporudi.

Metchnikoff alipokwenda Berlin kumwonyesha Koch kazi yake, Koch hakuvutiwa nayo. Kundi la Berlin liliamini kwamba kinga iko katika maji ya damu, si katika chembe zinazotembea na kula. Metchnikoff akaenda Paris kwa Louis Pasteur, na huko alifanya kazi hadi alipofariki mwaka 1916. Mwaka 1908 yeye na Ehrlich walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, maana ilionekana kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli. Lakini kabla ya hapo, Koch alikuwa ameshalipia kutojali kwake habari za chembe nyeupe. Na waliolipa zaidi ni wagonjwa wake.

Dawa ya siri

Agosti 1890 madaktari kutoka nchi nyingi walikutana Berlin. Koch aliwaambia kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu kwa simbilisi. Novemba mwaka huohuo akachapisha kwamba kinafanya kazi pia kwa binadamu, hasa kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao bado ni mchanga. Hakusema dawa hiyo imetengenezwa kwa nini.

Habari zilisambaa haraka. Wagonjwa walipanda treni kwenda Berlin kutoka kila upande wa Ulaya, wengine wakiwa hawawezi kusimama. Hoteli na nyumba za kulala wageni zikajaa watu wanaokohoa. Mwandishi na daktari Arthur Conan Doyle, anayejulikana kwa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alisafiri kutoka Uingereza kwenda kuona. Aliondoka akiwa na shaka, akaandika kuwaonya wasomaji kwamba dawa hii haijathibitishwa.

Januari 1891 Koch alieleza kilichokuwa ndani ya chupa: ni majimaji yaliyotolewa kwenye vijidudu vya TB vyenyewe, yakachanganywa na gliserini. Yaliitwa tuberkulini. Koch alikuwa amejidunga mwenyewe kabla ya kuwadunga wengine. Saa chache baadaye alianza kukohoa na kupumua kwa shida, baridi kali ikamtetemesha kwa karibu saa nzima, na homa ikapanda. Aliona hayo kuwa dalili kwamba dawa ina nguvu. Leo tungesema kwamba mwili wake ulikuwa umeshakutana na kijidudu cha TB zamani, na askari wake walikuwa wakimkumbuka adui.

Kwa wagonjwa wenyewe mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya sindano wengi walipata homa kali, wengine kifua kikabana, na baadhi walikufa. Rudolf Virchow, mtaalamu mkubwa wa kuchunguza maiti wakati huo, alipasua miili ya waliofariki. Aliona mapafu yamevimba kwa moto mpya, na ugonjwa umeenea sehemu ambazo mwanzo zilikuwa salama. Dawa haikuwa imeua vijidudu.

Sifa za Koch zilishuka haraka kama zilivyopanda. Alikwenda Misri kupumzika. Mwaka 1893 ndoa yake na Emmy ilivunjika, akamwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30.

Kilichotokea ndani ya mapafu

Ili kuelewa kosa la tuberkulini, fikiria pafu lilivyo. Si mfuko mmoja mkubwa. Ni vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa na ukuta mwembamba kuliko karatasi. Nyuma ya ukuta huo kuna mishipa midogo ya damu. Hewa safi hupita kutoka kwenye kifuko kwenda kwenye damu, na hewa chafu hurudi. Ukuta ukiwa mzima na mkavu, mtu anapumua bila hata kukumbuka kwamba anapumua.

Mtu akivuta hewa yenye kijidudu cha TB, walaji wakubwa hukimeza. Lakini kijidudu hiki kina ngozi ngumu, na mara nyingi hakifi ndani ya mlaji. Ndipo mwili huita askari wengine, wakakizunguka na kujenga kama ukuta wa kukifungia. Watu wengi huishi hivyo maisha yao yote bila kuugua. Kinga ikishuka, kwa mfano kwa sababu ya VVU, kisukari au njaa, ukuta hubomoka.

Koch alipodunga tuberkulini, alikuwa kama mtu aliyepiga yowe la mwizi katikati ya usiku. Chembe zenye kumbukumbu ziliamka na kuita wenzake, na askari wakamiminika kwenye kila sehemu ya pafu yenye kijidudu. Mwizi mwenyewe hakudhurika sana. Nyumba ndiyo iliyovunjwa. Sehemu zilizokuwa zimefungwa zilioza na kufunguka, vijidudu vikapata njia ya kusambaa.

Jambo hili haliko kwa TB peke yake. Katika nimonia kali, malaria kali, sumu ya damu, au mtu anapovuta moshi mwingi nyumba inapoungua, wakimbiaji huingia mapafuni kwa wingi. Wanapenya kwenye kuta za mishipa na kumwaga kemikali zao. Kemikali hizo haziwezi kumtofautisha adui na ukuta wa kifuko. Ukuta ukitoboka, majimaji ya damu huvuja na kujaza vifuko. Mgonjwa anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani, midomo na ulimi vinabadilika rangi. Yuko nchi kavu, lakini mapafu yake yamejaa maji. Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walieleza hali hiyo kwa wagonjwa 12 waliougua kwa sababu mbalimbali, lakini mapafu yao yakawa na madhara yanayofanana. Tangu hapo ilieleweka kwamba pafu linaweza kuumizwa na vita vyenyewe, hata kama adui ni tofauti.

Dar es Salaam, ng'ombe na kupe

Baada ya aibu ya tuberkulini, Koch alisafiri sana. Mwishoni mwa mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kupambana na sotoka, ugonjwa uliokuwa umefyeka ng'ombe kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Ujerumani, akakaa hadi mwaka 1898. Alichunguza malaria, magonjwa ya mifugo, na sampuli kutoka Kiziba, magharibi ya Ziwa Victoria, zilizothibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko ni tauni.

Hapo Dar es Salaam aliona vimelea vidogo katika damu ya ng'ombe, akadhani ni ugonjwa uliojulikana Marekani. Alikosea. Mwaka 1903 aliitwa Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa maelfu. Alipotazama tena alitambua kwamba huu ni ugonjwa mwingine kabisa, na kwamba ndio aliouona pwani ya Afrika Mashariki. Aliupa jina la homa ya pwani ya Afrika. Sisi tunauita ndigana kali.

Katika tezi na bandama za ng'ombe wagonjwa, Koch aliona vitu vya rangi ya samawati ndani ya chembe. Hadi leo madaktari wa mifugo wanaviita kwa jina lake. Wataalamu waliofuata walieleza maana yake. Kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia anapomng'ata ng'ombe, humwachia kimelea kinachoingia ndani ya chembe nyeupe za damu. Kimelea hicho hakiziui chembe hizo mara moja. Kinazigeuza kuwa watumwa wake, zikagawanyika bila kikomo, karibu kama saratani, na kusambaa mwilini. Ndiyo sababu tezi huvimba. Mwishowe chembe hizo hujaa mapafuni, mishipa inavuja, na maji yanajaza vifuko vya hewa. Povu analoliona mfugaji puani ni maji hayo yakichanganyika na pumzi ya mwisho ya mnyama.

Koch alishauri ng'ombe wadungwe damu ya wale waliopona. Njia hiyo haikufanikiwa. Chanjo iliyofaa ilipatikana miaka mingi baadaye, katika utafiti uliofanyika Muguga, Kenya: mnyama hupewa vimelea hai, na wakati huohuo hudungwa dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu, ili askari wake wajifunze bila kuangamia. Chanjo hiyo inatumika Tanzania pia, na imeokoa ndama wengi wa wafugaji.

Papasi, malale na macho yaliyopofuka

Mwaka 1905 Koch alirudi tena Afrika Mashariki ya Kijerumani. Safari hii alichunguza homa iliyokuwa ikiwapata wasafiri waliolala kwenye vibanda vya njia za misafara. Alionyesha kwamba inaletwa na papasi wanaojificha kwenye vumbi la sakafu, na kwamba papasi hurithisha vijidudu kwa watoto wake kupitia mayai. Watafiti wa Kiingereza waliokuwa Kongo waligundua mambo yanayofanana na hayo wakati huohuo. Desemba mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikuja kwa mara ya mwisho, akiongoza msafara wa kuchunguza malale. Alianzia Amani, katika milima ya Usambara, akaenda Mwanza, kisha akaweka kambi katika visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako mbung'o na malale walikuwa wamemaliza vijiji. Huko aliwadunga wagonjwa zaidi ya 1,000 dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki.

Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu, vimelea vikapotea kwenye damu. Baadaye vikarudi. Koch akaongeza kiasi cha dawa. Baadhi ya wagonjwa walipofuka, na hawakuona tena. Walikuwa watu waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni, wanaokufa, wasio na nafasi kubwa ya kukataa wala kuuliza. Maisha ya Koch hayawezi kusimuliwa kwa haki bila kuwataja. Mgonjwa wa Berlin aliyeumizwa na tuberkulini angalau alikuwa na magazeti ya kulalamikia. Mgonjwa wa Sese hakuwa nayo.

Kulikuwa na kosa jingine. Mwaka 1901, akiwa London, Koch alitangaza kwamba TB ya ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Uchunguzi wa Waingereza uliochukua miaka kumi ulionyesha kwamba hakuwa sahihi: maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yanaweza kumwambukiza mtu, hasa mtoto. Kwa hiyo ushauri wa kuchemsha maziwa unabaki palepale, hata kama aliyepinga alikuwa mshindi wa Nobel.

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi inayobeba jina lake.

Alichoacha

Tuberkulini haikuponya, lakini haikutupwa. Mwaka 1907 na 1908 madaktari wengine walionyesha kwamba tone dogo likiwekwa kwenye ngozi, uvimbe unaotokea huonyesha kama mtu ana maambukizi ya TB. Yowe lilelile lililovunja mapafu, likipigwa kidogo kwenye ngozi ya mkono, huwa kipimo. Ng'ombe pia hupimwa hivyo.

Dawa za kuua kijidudu chenyewe zilikuja katika miaka ya 1940. Na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyohusisha wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania yalithibitisha kwamba matibabu yanaweza kupunguzwa hadi miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mwishoni mwa miaka hiyo daktari Karel Styblo alishirikiana na serikali ya Tanzania kupanga mpango wa taifa: kupima makohozi, kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, na kuandika kila mgonjwa amefikia wapi. Shirika la Afya Duniani lilichukua mfano huo na kuusambaza duniani kote. Kwa hiyo kitabu cha wagonjwa wa TB kinachojazwa kwenye kituo cha afya cha kijijini si kazi ya karani tu. Ni mfumo ambao nchi nyingi zilijifunza kutoka Tanzania.

Elimu ya chembe nyeupe nayo imeingia hospitalini. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, ilithibitishwa nchini Uingereza kwamba dawa ya deksamethasoni, inayotuliza askari wa mwili, ilipunguza vifo kwa wagonjwa waliokuwa wakihitaji oksijeni. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, haikuonyesha faida. Ni dawa yenye wakati wake. Ukiitumia ovyo, unawanyang'anya askari silaha wakati adui bado yuko mlangoni, na TB iliyokuwa imelala inaweza kuamka.

Maana yake kwetu

Msikilizaji, katika maisha ya Koch kuna mambo matano ya kuchukua kutoka hapa ulipo.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito ni sababu ya kwenda kupima makohozi. Nchini Tanzania vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Ukianza dawa, maliza. Kikohozi kinaweza kupungua baada ya wiki chache kwa sababu vijidudu vingi vimekufa na askari wameanza kutulia. Lakini vinavyokua polepole bado vimo, vilevile vilivyomchukua Koch wiki kadhaa kuviotesha. Ukiacha katikati, vinavyobaki vinaweza kuwa sugu.

Usinunue deksamethasoni au prednisoloni dukani kwa ajili ya kikohozi bila daktari kukuona. Na mtu akikwambia ana dawa ya siri inayoponya kifua kwa siku chache, kumbuka Berlin ya mwaka 1890.

Kama unachimba dhahabu au kokoto, vumbi la mawe linaua walaji wakubwa wa mapafuni, ndiyo maana wachimbaji hupata TB kuliko watu wengine. Lowesha mwamba kwa maji kabla ya kupasua, funika pua na mdomo, na mweleze mhudumu wa afya kazi unayofanya.

Mtoto au mtu mzima anayepumua haraka kupita kawaida, mbavu zinaingia ndani, hawezi kunyonya au kuongea vizuri, asisubiri asubuhi. Huenda maji yameanza kuingia kwenye vifuko vya hewa, na anachohitaji kwanza ni oksijeni. Barabara ya kutoka Mitundu hadi hospitali ya Itigi ni ndefu, kwa hiyo uamuzi wa kuondoka ufanyike mapema.